Kope Limegoma

Katika ukoo wetu kazi ya kusoma maandishi madogo iliniangukia mimi, na sijalipwa hata senti. Mkataba wa pango ukija, naitwa. Fomu ya mkopo wa kikoba, naitwa. Dawa ya kikohozi ya mtoto wa jirani, ile yenye karatasi iliyokunjwa na kukunjwa tena ndani ya boksi, naitwa mimi na miwani yangu. Eti kwa kuwa ujanani nilisahihisha prufu gazetini, basi macho yangu yaliumbwa kwa ajili ya herufi ambazo binadamu wengine hawataki kuziona. Sawa. Tabu ni kwamba nikishasoma hakuna anayesikiliza. Wanasema "ahsante Mjomba," halafu wanakwenda kufanya walichokwisha kuamua kabla hawajanipigia simu.

Safari hii ilikuwa sindano.

Dada yangu mkubwa alikuwa anamwozesha bintiye, na harusi za Dar es Salaam mnazijua: bibi harusi ndiye mtu wa mwisho kushughulikiwa. Kwanza kamati. Kisha sare za mashangazi. Kisha mpiga picha anayerusha kile kidude chake juu ya mapaa ya watu. Sasa kimeongezeka kitu kingine, uso wa mama mzazi. Dada alijiona kwenye picha za harusi ya jirani, akazikuta ndita zake mbili katikati ya nyusi, akatangaza kwamba hawezi kupokea wakwe kutoka Tanga akiwa na sura ya kudai deni.

Ndita zile mimi nazijua kuliko yeye, maana ndizo zilizotulea. Marehemu mama alikuwa mtu wa kucheka. Serikali nyumbani ilikuwa dada. Hakuhitaji fimbo. Akizikunja, mtoto aliyekuwa anacheza gololi Buguruni alishtuka moyoni akarudi Ilala bila kuitwa. Nina mvi sasa, na mpaka leo akizikunja naangalia kama nimenawa miguu. Leo mtu anataka kutoa fedha, tena fedha ya kwenye bajeti ya pilau, kuivunja taasisi nzima. Nikasema hapana. Nikajibiwa kwamba sikuitwa kutoa maoni, nimeitwa kusoma karatasi.

Karatasi yenyewe ilikuwa saluni. Si hospitali, saluni: kiti cha kuoshea nywele huku, meza ya kucha kule, na pembeni binti mmoja amelala chali anabandikwa kope bandia. Mtaalamu wa sindano ndiye huyohuyo wa kope. Alitupokea kwa heshima zote, "shikamoo baba, shikamoo mama," akatukalisha, akaanza mahubiri. Dakika kumi tu. Haiumi. Unatoka hapa unaendelea na shughuli zako. Nikamuuliza kuhusu madhara.

"Haina madhara, baba. Hii inalegeza misuli tu."

Tu! Ulimi ni msuli. Kinachofumba jicho na kulifumbua ni misuli. Kinachokuwezesha kumeza tonge la ugali bila kupaliwa ni misuli. Mtu akija mwilini mwangu kulegeza, nataka kwanza anieleze anaanzia wapi na anaishia wapi.

Nikaomba kuona dawa inapokaa. Akafungua friji. Mlikuwa na maji ya chupa, soda mbili, nusu ya papai na kiboksi. Watengenezaji wanataka kichupa kikae kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na kimeandikwa hivyo ubavuni. Nikamuuliza umeme wa LUKU ukiisha usiku inakuwaje. Akasema wananunua asubuhi. Nikamuuliza nani hapo amesomea udaktari. Akasema ana cheti. Kweli kilikuwa ukutani, ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu, cha kuhudhuria semina. Dada alijifanya hasikii, lakini nilimwona akilitazama lile papai. Tuliondoka.

Msidhani nilishinda. Asubuhi yake dada alikuwa kwa daktari wa ngozi, daktari wa kweli, aliyesajiliwa, mwenye friji isiyo na matunda. Akarudi na ile karatasi ya ndani ya boksi, akaniwekea mezani pamoja na kikombe cha chai, kama hongo. Nikawasha taa zote mbili za sebuleni, nikakaa.

Jamani, kilichomo kwenye kichupa ni sumu. Na si sumu ya mzaha: ni miongoni mwa zile kali kabisa zinazojulikana duniani, inatengenezwa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, na ndiyo hiyohiyo inayowaua watu waliokula chakula cha kopo kilichofungwa vibaya. Watu wanaiita Botox kwa jina la bidhaa ya kampuni moja, hata ikiwa imetoka kiwanda kingine. Kipimo cha urembo ni kidogo mno, hilo nalikubali. Katikati ya nyusi wanagawa yuniti 20 kwenye vitobo 5. Lakini ukishajua hivyo, neno "vitamini ya ngozi" lililokuwa limebandikwa kwenye kioo cha ile saluni linakufanya utake kukaa chini.

Nilipochimba zaidi nikamkuta daktari Mjerumani, Justinus Kerner, ambaye miaka ya 1820 alikusanya habari za watu wa Württemberg waliokula soseji wakalegea. Kope zilishuka, wakaona vitu viwiliviwili, wakashindwa kumeza, na baadhi wakafa. Kerner alikuwa pia mshairi, na labda ndiyo maana akaijaribu ile sumu mwilini mwake mwenyewe. Mwaka 1895, kijijini Ellezelles nchini Ubelgiji, bendi ilikwenda kupiga muziki mazishini, wapigaji wakakaribishwa paja la nguruwe, na watatu kati yao wakamfuata marehemu. Profesa Émile van Ermengem akaichunguza nyama ile, akampata bakteria mwenyewe.

Nilimsimulia dada kisa hiki taratibu, kwa kukipamba, nikitegemea atatetemeka. Akasema, "Sisi hatuli nguruwe."

Kutoka kwenye soseji mpaka kwenye paji la uso safari ilikuwa ndefu. Daktari wa macho Alan Scott wa San Francisco ndiye aliyepata wazo la kuichoma kwa kipimo kidogo ili kunyoosha macho ya makengeza, na mwaka 1989 Marekani wakairuhusu kwa makengeza na kwa wagonjwa ambao kope zao hujifumba zenyewe kwa nguvu zisitake kufunguka. Huko Vancouver, Kanada, daktari mwingine wa macho, Jean Carruthers, akagundua kwamba wagonjwa wake wa kope wanarudi na paji la uso laini. Mumewe Alastair alikuwa daktari wa ngozi. Mke na mume wakazungumza, karani wao wa mapokezi akajitolea ndita zake, na mwaka 2002 Marekani ikaidhinisha sindano hii kwa ndita za katikati ya nyusi. Sasa tazameni mzunguko wenyewe. Dawa iliingia duniani kuwasaidia watu wasioweza kufumbua macho, na leo wenye macho mazima wanachomwa, baadhi yao wakaishia na jicho lisilofumbuka.

Namna inavyofanya kazi si uchawi. Msuli haujikunji mpaka neva imwage kemikali iitwayo asetilikolini. Sumu inaingia kwenye ncha ya neva na kuizuia isimwage. Umeme upo kwenye nguzo, nyumbani giza. Haianzi hapohapo: siku 3 au 4 ndipo unaona mabadiliko, wiki 2 ndipo inakomaa, na baada ya miezi 3 hadi 4 neva zinajirekebisha na ndita zinarudi kudai nafasi yao. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba ikishashika hakuna sindano ya kuifuta. Imekwenda mahali pasipofaa, unangoja.

Madhara madogo nilimsomea kwa haraka: maumivu pale palipochomwa, kuvilia damu, kuumwa kichwa, kujisikia kama mtu mwenye mafua. Kwenye kuvilia damu karatasi inawataja wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda. Dada anameza aspirini ndogo kila usiku kwa ajili ya moyo. Alikuwa amemwambia daktari hatumii dawa yoyote. Ilibidi turudi kwa daktari, na mbele yake nimkanyage mguu chini ya meza ndipo aitaje, tena kwa sauti ya mtu anayetaja jina la mpenzi wa zamani.

Halafu mnafika kwenye misuli ya jirani. Hapo ndipo watu wanapodanganywa zaidi, kwa sababu muuzaji anaongea kana kwamba uso umegawanywa kwa kuta za tofali. Ukichoma paji lote kwa wingi, nyusi zinaporomoka. Ukiacha pembeni, ncha zake zinapanda juu. Hii nimeiona kwa macho yangu: mama mmoja wa kikundi chetu cha mtaa alikaa na nyusi za kushangaa mpaka Ramadhani ikaisha. Mweka hazina akisoma mahesabu, mama ameshtuka. Akirudia mstari, ameshtuka vilevile. Akaanza kutoa jasho, akafungua daftari upya, akahesabu tena michango mbele ya watu. Mwisho alijiuzulu, na mpaka leo hakuna aliyempata na kosa hata la shilingi mia.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alichomwa kuzunguka midomo ili kuondoa vile vistari vya juu. Vistari viliondoka na midomo ikaondoka navyo. Mrija wa soda haukushika. Chai ilitoroka pembeni. Herufi zinazotaka midomo ikutane zikawa za kuviziwa, na kwa wiki kadhaa mimi nikawa "shemeji" tu kwa sababu jina langu linaanza na B na limejaa B. Yeye ndiye mpiga vigelegele mkuu wa familia. Vigelegele vyake vilikuwa vinasikika mtaa wa pili. Kumbukeni hilo, tutafika ukumbini.

Wapo wanaochoma taya ili uso uwe mwembamba, wakakuta nyama ya mbuzi imewashinda kutafuna. Wapo wanaochoma shingo, wakameza kwa shida na kichwa kikawa kizito kukibeba. Na wapo wanaochoma kwapa. Marekani waliruhusu hiyo mwaka 2004 kwa watu wenye jasho la kupindukia, na hapo, kama mkazi wa Dar es Salaam mwezi wa pili, nilivuta kiti karibu na taa nikasoma kwa hamu. Nikafika kwenye mstari unaosema baadhi ya waliochomwa walitokwa na jasho zaidi sehemu nyingine za mwili. Basi. Bora libaki ninakolijua.

Juu kabisa ya karatasi kuna maelezo yamezungushiwa mstari mnene. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliamuru yawekwe mwaka 2009: sumu inaweza kusambaa mbali na ilipochomwa, na saa chache hadi wiki kadhaa baadaye mtu akapata udhaifu wa misuli, sauti ikabadilika, akaona vitu viwili, akashindwa kumeza au kupumua. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa wanaotibiwa kwa vipimo vikubwa, hasa watoto wenye misuli iliyokakamaa. Kwa kipimo cha urembo kilichotolewa na mjuzi ni jambo la nadra mno. Mimi ni mlalamishi lakini si mwongo. Wajawazito na wanaonyonyesha wanashauriwa waiache. Mwenye ugonjwa wa neva na misuli, kama ule uitwao miasthenia, aikimbie, na anayetumia antibiotiki za jamii ya jentamaisini amwambie daktari kwanza, maana zinaizidishia nguvu.

Nikamwekea dada na habari za karibuni. Mwaka 2023 makumi ya watu, wengi wao kutoka Ujerumani, walikwenda Uturuki kuchomwa sumu hii kwenye ukuta wa tumbo ili tumbo livivie kazi wapungue unene. Walirudi na ugonjwa uleule wa soseji za Kerner. Mwaka 2024 Marekani walitangaza watu 22 katika majimbo 11 walioumwa baada ya kuchomwa na watu wasio na leseni au kwa dawa bandia, wengine majumbani, na 11 wakalazwa. Wote 22 walikuwa wanawake.

"Uturuki walichoma tumbo," dada akasema. "Mimi nachoma kichwa."

Daktari naye alijitahidi. Alimwambia, mama, harusi iko karibu mno, ingekuwa vema usubiri ipite, maana likitokea jambo halitaisha kabla ya siku yenyewe. Akamweleza kope linaweza kushuka, kwamba kwenye majaribio ya dawa lilishuka kwa takriban watu 3 kati ya 100. Dada akasema 97 ni wengi. Akapewa fomu ya ridhaa ya kurasa kadhaa, akaifunua moja kwa moja mpaka mwisho, akatia saini. Nikamuuliza kwa nini hasomi. Akanitazama kwa mshangao wa kweli: "Si umeshasoma wewe?"

Baada ya sindano akaelezwa masharti. Asisugue uso. Asikandwe. Asilale kwa saa chache. Asifanye kazi nzito siku hiyo. Akaitikia kila sharti kwa "sawa mwanangu," akapanda gari, na gari likaenda moja kwa moja Magomeni kwenye singo.

Wasiojua singo wasimame nami hapa kidogo. Ni liwa, karafuu, mawaridi na viungo vingine ambavyo wanaume hatuambiwi, vimesagwa pamoja, na mwari anasuguliwa mwili mzima mpaka ngozi iseme kweli. Dada alikwenda kukaa tu pembeni ya bintiye, ndivyo alivyoniapia. Lakini msingaji, mama mmoja wa makamo mwenye viganja vilivyokamua nazi tangu utotoni, alipomaliza na mwari akaona unga umebaki, na mama wa mwari amekaa bure. Haikubaliki. Dada akalazwa mkekani. Akasingwa. Paji la uso, nyusi, kope, kwa duara, kwa nguvu, kwa mapenzi. Ninayo picha, kuna mtu aliituma kwenye kundi la familia na maneno "mama naye hajambo."

Siku kadhaa baadaye ndita zilikuwa zimetoweka kweli. Paji lilikuwa jeupe na tambarare, dada anapita mbele ya kila kioo. Kisha, zikiwa zimebaki siku mbili, akaamka jicho la kushoto limefunguka nusu. Akaosha kwa maji ya baridi. Akalala tena akaamka. Kope likaendelea kugoma.

Daktari hakushangaa. Alisema si yeye wala mtu mwingine anayeweza kuapa kwamba ni singo. Linaweza kutokea hata kwa mtu aliyetulia kama picha, sumu ikipenya kidogo tu mpaka kwenye msuli unaoinua kope. Kusugua hakukusaidia. Akampa matone ya macho yanayochochea msuli mdogo mwingine ulioko pale pale, yakaliinua kope milimita moja, labda mbili. Mengine, akasema, ni wiki za kungoja. Dada yangu hajawahi kushinda bahati nasibu maishani, hata kanga ya bure dukani hajapata, lakini kwenye wale watatu kati ya mia aliingia bila kusukumwa.

Basi tukafika ukumbini.

Mama wa bibi harusi anasimama mlangoni kupokea wakwe, hiyo ni kawaida na haina mbadala. Dada alisimama, kavaa amependeza, jicho la kulia liko wazi, la kushoto limeinama, na paji halina hata mkunjo wa kuonyesha kwamba nalo limeshangaa. Shangazi wa bwana harusi alikuwa wa kwanza kuingia. Akasalimiwa. Akatazamwa kwa jicho moja na nusu. Akapita, akakaa, akamnong'oneza aliye kando yake, na nikauona mnong'ono ukisafiri meza kwa meza: wametudharau, huyu mama anatukata jicho tangu mlangoni. Nyuma yake akaja mzee mmoja wa upande huohuo, babu mdogo wa bwana harusi, mjane. Yeye alielewa kingine. Alisimama pale mlangoni zaidi ya ilivyohitajika, akasema mashaallah, macho ya mla kungu haya, zamani yalikuwa yanaimbiwa taarabu. Akaomba kujua kama mama yuko na mumewe.

Ndani ya muda mfupi nikawa na mashitaka mawili, moja la dharau na moja la kukonyeza, na yote yakaletwa kwangu kwa kuwa mimi ndiye mjomba na msemaji wa familia.

"Si dharau, mama," nikamweleza shangazi. "Ni dawa."

"Anaumwa nini?"

"Haumwi. Ni dawa ya ndita."

Akamtazama dada kwa makini kutoka mbali. "Mbona hana ndita?"

"Ndiyo dawa yenyewe."

"Sasa jicho?"

"Nalo ni dawa."

Alinyamaza, kisha akaniuliza ni bei gani. Sikumjibu. Mzee nilimwacha na imani yake, maana hakuwa amelalamika.

Mpiga picha ndiye alinimaliza. Kila picha ya familia alikuwa anasimamisha watu wote, shangazi wamebana matumbo, watoto wamewekwa mbele, halafu: "Mama, fumbua macho." Tunarudia. "Mama tafadhali, fumbua macho kidogo." Mshereheshaji akadaka, akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba mama amelewa furaha. Na ilipofika saa ya kumshangilia bibi harusi akiingia, macho yote yakamgeukia shemeji. Akasimama, akavuta pumzi, akapeleka ulimi. Ikatoka "fuuu."

Lakini kilichonisikitisha hasa ni watoto. Walikuwa wanakimbizana chini ya meza ya keki. Dada akawaona. Nikamwona akifanya kile anachofanya siku zote: akajinyoosha, akawakazia macho, akajaribu kukunja uso. Hakuna kilichosogea. Watoto walimtazama, wakamwona mama mwenye sura ya amani, wakaendelea. Ghorofa ya chini ya keki ilipona kwa sababu mimi mwenyewe, na magoti haya, niliinama kuwatoa. Nikaona watu wa kizazi changu wamegutuka meza za nyuma. Kila mmoja alikuwa ameshajiandaa kuogopa, na hofu haikuja.

Mniruhusu sasa niwasemee ngamia. Saudi Arabia wana mashindano ya urembo wa ngamia, tamasha la Mfalme Abdulaziz, yenye zawadi za mamilioni ya dola. Mwaka 2018 ngamia 12 walitolewa kwa kuchomwa Botox midomoni na puani ili wapendeze. Desemba 2021 wakatolewa zaidi ya 40, kwa sindano na udanganyifu mwingine, baada ya waandaaji kutumia vipimo vya kisasa kuwakagua. Ngamia, ndugu msomaji, ana kamati, ana daktari, ana mtu wa kumshika mdomo na kuuliza nani alikuchoma, lini, na kwa kitu gani. Binti yenu anachomwa kwenye kiti cha kuoshea nywele na hakuna anayeuliza. Kwetu iko Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na Wakenya wana bodi yao ya famasia na sumu, lakini hakuna mamlaka itakayokaa na wewe saluni ikitazama papai ndani ya friji. Hiyo kazi ni ya mteja, au ya mjomba wake.

Sikatazi mtu kulainisha uso wake. Kope la dada lilipanda lenyewe wiki chache baada ya harusi, na ndita nazo zimeanza kuchungulia. Juzi alinikunjia moja na nusu nikajisikia nimerudi nyumbani. Ila ameshaanza kuulizia tarehe ya kuchomwa tena, mjukuu akizaliwa, na shangazi wa Tanga amepiga simu kuomba namba ya daktari. Karatasi italetwa kwangu, najua.

Kwa hiyo nawaomba, ninyi msiokuwa na mjomba wa kusoma prufu. Muulize aliyeshika sindano amesajiliwa wapi, na akuonyeshe kiboksi kabla hajakifungua, jina, tarehe ya mwisho wa matumizi na kilikokuwa kinakaa. Taja kila dawa unayomeza, hata ile ya usiku. Kama kuna harusi, fanya mwezi mzima au zaidi kabla, au ngoja iishe, na siku ya sindano singo ikupite. Na ukiona kumeza kumekuwa kugumu, sauti imebadilika, shingo imelegea au pumzi inakata, hata kama zimepita wiki, usirudi saluni kuuliza: nenda hospitali siku hiyohiyo, useme wazi umechomwa nini na lini. Wakwe tutawaeleza baadaye.